Njia ya Kahe Imelala, Haijafa



Kijana mmoja wa Moshi aliniambia hivi karibuni, kwa uhakika kabisa, kwamba mji wake uliitwa Moshi kwa sababu ya gari moshi. Kwa maelezo yake, Wajerumani walileta treni, treni ikafuka moshi, watu wakatazama wakasema "moshi," na jina likabaki hapo hapo. Ni hadithi tamu, na laiti ingekuwa kweli ningeifurahia kuliko yeye. Lakini si kweli. Jina hilo lilikuwapo miaka mingi kabla reli haijafika. Katika miaka ya 1880 wageni waliokuja kuutazama mlima walikuwa tayari wanazungumza habari za Moshi ya Mangi Rindi, ambaye wengine walimwita Mandara. Na Moshi hiyo ilikuwa huko juu migombani, mahali ambapo leo tunapaita Old Moshi.

Hata hivyo kijana yule hakukosea moja kwa moja. Jina halikuletwa na treni, lakini mji wenyewe uliteremshwa na treni. Mangi Meli, mwana wa Rindi, aliwapiga Wajerumani mwaka 1892, wakarudi na nguvu kubwa zaidi mwaka 1893 wakamshinda, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga huko huko Old Moshi pamoja na wenzake. Boma la Wajerumani lilikuwa juu, karibu na enzi ya Mangi. Reli ilipokuja haikuweza kupanda milima na makorongo yale. Ilisimama chini, mahali palipo tambarare, na mji mpya ukaota kando ya stesheni kama majani yanavyoota kando ya mfereji. Wafanyabiashara walishuka kuifuata treni, na baadaye ofisi za serikali nazo zikashuka. Leo mtu akisema anakwenda Moshi, hakuna anayedhani kwamba anapanda mlima kwenda kwa Mangi Rindi. Anakwenda mji wa stesheni.

Ndugu zangu, nimeanza na habari hiyo kwa sababu nataka leo tutembee kidogo kwa miguu. Tuanzie stesheni ya Moshi, tuteremke na reli hadi Kahe, kisha pale Kahe tugeukie mashariki tuifuate njia nyingine, ile iliyolala, iendayo Taveta na Voi katika nchi jirani ya Kenya. Watu wengi wa mijini hawajui kwamba njia hiyo ipo. Wengine wanajua, lakini wanadhani ni chuma chakavu kilichosahaulika porini. Mimi naona njia ile ina mambo ya kutueleza, na yanatuhusu sisi tulio hai.

Tukiwa bado stesheni, tukumbushane kwanza reli hii ilifikaje hapa. Ilianza Tanga mwaka 1893, ikijengwa na kampuni ya Kijerumani iliyokuwa na maneno mengi kuliko fedha. Miaka mitatu baadaye ilikuwa imefika Muheza tu, mwendo wa kilomita zipatazo arubaini, na kampuni ikaishiwa. Serikali ya Kijerumani ikaichukua reli hiyo mwaka 1899. Ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Hesabu mwenyewe: kilomita 352 kwa miaka kumi na minane. Waingereza walianza reli yao Mombasa mwaka 1896, yaani miaka mitatu nyuma ya Wajerumani, na mwishoni mwa mwaka 1901 walikuwa wamekwisha fika Ziwa Victoria. Wajerumani wakati huo hata Korogwe walikuwa hawajafika.

Kwa nini reli ililetwa huku? Si kwa ajili ya mama wa Kibosho auze ndizi zake Tanga. Ilikuja kwa ajili ya walowezi na mashamba yao ya mkonge, kahawa na mpira, na kwa ajili ya askari. Waliolima tuta na kubeba vyuma walikuwa Waafrika, Wanyamwezi na watu wengine kutoka bara, wakati watu wa njiani walikuwa wanakamuliwa kodi ya kibanda. Hilo tusilisahau tunapoyasifu madaraja ya zamani kwamba ni imara. Imara ni kweli. Lakini uimara ule una jasho la watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Haya, tutembee. Ukitaka kuufaidi mlima, toka asubuhi mapema kabla mawingu hayajaamka. Ukiipa stesheni mgongo na kuelekea kusini mashariki, Kibo iko nyuma yako, nyeupe, na kila hatua inainuka badala ya kupungua. Ndivyo mlima ule ulivyo. Ukiwa chini yake huuoni vizuri, na ukiukimbia ndipo unapoonekana ukubwa wake. Nchi inateremka taratibu, nyumba zinapungua, migomba inabaki nyuma, joto linapanda. Mtu aliyezoea Marangu au Machame akifika huku hujisikia kama amevuka mpaka wa nchi nyingine.

Lakini tambarare hii isikudanganye kwa ukavu wake. Mvua inayonyesha kwenye msitu wa mlimani inazama ardhini na kuja kutoka huku chini kwenye chemchemi kama zile za Miwaleni. Kwa maji hayo Moshi ya chini inalima mpunga, katika mradi wa umwagiliaji uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987. Mbali zaidi, upande wa Arusha Chini, kuna miwa ya TPC, shamba lililoanzishwa na kampuni ya Kideni katika miaka ya 1930. Kwa hiyo abiria wa zamani aliyeketi dirishani alikuwa akisoma somo zima la jiografia bila kulipa ada: theluji juu, msitu chini yake, kihamba cha kahawa na migomba, halafu mpunga na miwa, na mwisho kabisa miiba ya nyika.

Na sasa tumefika Kahe.

Kahe si mji mkubwa. Msafiri wa basi anayekwenda Dar es Salaam hapiti hapo, kwa hiyo wengi hawapajui. Lakini katika historia ya reli za Afrika Mashariki, Kahe ni pahala pazito kuliko miji mingi yenye maghorofa. Hapa ndipo njia mbili zinapokutana. Moja inakwenda kusini kwa Lembeni, Same, Mkomazi, Korogwe hadi Tanga. Nyingine inakwenda mashariki kwa Taveta, Mbuyuni, Maktau hadi Voi, na pale inashikana na reli kuu ya Mombasa. Njia ya kwanza ililazwa na Wajerumani. Ya pili ililazwa na Waingereza. Na hawakukutana hapa kwa urafiki. Walikutana wakipigana.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwezi Agosti 1914, Wajerumani walitoka Moshi wakaiteka Taveta. Miezi mitatu baadaye jeshi la Waingereza lililotoka India likatua Tanga. Ni nini kilichowaokoa Wajerumani? Ni reli hii. Von Lettow-Vorbeck aliwapakia askari wake treni hapa Moshi akawateremsha Tanga kwa haraka ambayo adui hakuitazamia, na mwanzoni mwa Novemba 1914 jeshi lile kubwa la Waingereza likarudishwa baharini kwa aibu. Waingereza walijifunza somo. Waliona kwamba nyika iliyoko kati ya Voi na Kilimanjaro haina maji, na kwamba jeshi haliwezi kuivuka kwa miguu likafika na nguvu. Basi mwaka 1915 wakaanza kujenga reli ya kivita kutoka Voi, wakitumia vikosi vya mafundi wa reli kutoka India, huku wakivuta maji kwa mabomba.

Mwezi Februari 1916 walijaribu kilima cha Salaita, wakapigwa. Mwezi Machi wakaja tena chini ya Jenerali Smuts, wakapigania vilima vya Latema na Reata vilivyosimama karibu na Taveta kama miimo miwili ya mlango. Wakapenya. Katikati ya Machi Moshi ikawa mikononi mwao, na tarehe 21 Machi 1916 palikuwa na mapigano makali hapa hapa Kahe. Wajerumani walikuwa wameleta Kahe mzinga mmoja wa manowari, kutoka katika meli yao Königsberg iliyozamishwa kwenye delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Fikiri, ndugu yangu, mzinga wa baharini ukinguruma katika nyika ya Kahe! Walipoona wamezidiwa waliuvunja wenyewe wakaondoka kuelekea kusini. Mwaka huo huo reli ya Voi ikafika, ikaunganishwa na ile ya Tanga. Ndivyo makutano ya Kahe yalivyozaliwa.

Vitabu vya vita ile vimejaa majina ya majenerali. Waliobeba risasi, unga na majeruhi pale ambapo reli haikufika walikuwa wapagazi wa Kiafrika, na makumi ya maelfu miongoni mwao walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kumbukumbu yao kubwa kwetu ni jina la Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao. Kila siku tunakwenda Kariakoo kununua nguo na nyanya, na ni wachache wanaokumbuka kwamba tunatamka jina la marehemu.

Kutoka Kahe nilifuata njia ya mashariki. Mwanzoni tuta linaonekana wazi, limeinuka juu ya nyika kama mgongo wa mnyama aliyelala. Mahali pengine chuma kinaonekana, chekundu kwa kutu. Pengine kimefunikwa na udongo na nyasi, na mbuzi wamejifanyia njia yao juu yake. Migunga imeota katikati ya reli, na shina la mgunga mmoja lilikuwa nene kama paja la mtu mzima. Kushoto unao mlima, na huku Mawenzi ndiyo inayokutazama kwanza, imechongoka na kuvunjika vunjika, wakati Kibo imekaa nyuma yake kama mzee aliyemwacha mdogo wake azungumze na wageni. Kulia ni milima ya Upare, ya Ugweno na Usangi, ya buluu kwa umbali. Mbele huoni kitu ila tuta, limenyooka, likikwenda kwenye joto.

Nilimkuta mzee mmoja ameketi kivulini akichunga ng'ombe watatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wafuata nini huku juani?"

"Nafuata reli, mzee wangu."

Akacheka. "Basi umechelewa, mwanangu. Treni imeshapita."

Kumbe mzee yule aliwahi kuwa mfanyakazi wa reli, katika genge la kutengeneza njia, siku za shirika la Afrika Mashariki. Alinieleza kazi yao: kufyeka majani, kujaza kokoto, kukaza misumari, kutembea kila asubuhi wakiitazama njia kwa jicho na kuisikiliza kwa nyundo. Alinionyesha kwamba mataruma ni ya chuma. Mbao, alisema, mchwa wa huku wangezimaliza. Kisha akaongeza kwa huzuni kwamba mchwa wa chuma nao wamekuja siku hizi, wana mkokoteni na msumeno. Nilimwuliza anakumbuka nini juu ya siku njia ilipofungwa. Alikaa kimya kidogo, akasema: "Hatukuambiwa imefungwa. Tuliambiwa tungoje."

Maneno hayo nimetembea nayo tangu siku ile. Tuliambiwa tungoje.

Ili kuyaelewa, inatupasa turudi nyuma. Baada ya vita njia ya Voi ilitazamwa kama chombo cha jeshi kilichokwisha kazi yake, ikanyamazishwa kwa muda, lakini mwaka 1924 ikafunguliwa tena. Mwaka 1929 Waingereza wakakamilisha reli kutoka Moshi hadi Arusha. Sasa nchi ya Kilimanjaro na Meru ikawa na milango miwili ya kwenda baharini, Tanga na Mombasa. Kwa umbali milango hiyo haikutofautiana sana. Ilitofautiana kwa bandari. Kilindini, Mombasa, palijengwa gati za kina kirefu katika miaka ya 1920, meli kubwa ikaweza kusogea hadi ukingoni. Tanga meli ilitia nanga mbali, na mzigo ukasafirishwa kwa matishari. Mfanyabiashara hana utaifa mbele ya hesabu. Basi sehemu kubwa ya mzigo wa kaskazini ikapitia Kahe na Voi kwenda Mombasa.

Na mzigo wenyewe ulikuwa upi? Kahawa. Mche wa kahawa ulifika mlimani kwa mkono wa wamisionari wa Kikatoliki, nao Wachagga wakauchukua wakaupanda chini ya migomba, mlowezi akitaka au asitake. Na walowezi wengi hawakutaka. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, ambacho rais wake alikuwa Joseph Merinyo, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU. Kahawa ilishuka kutoka vihambani, ikakobolewa Moshi, ikaingia behewani. Reli iliyoletwa kwa ajili ya mlowezi, na njia iliyoletwa kwa ajili ya askari, zikaanza kumtumikia mkulima wa Kilema na Machame. Karo za watoto na mabati ya nyumba vilipanda mlima kwa sababu magunia yalishuka kwa treni.

Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo historia iliyo kubwa kuliko ya majenerali. Mkoloni alijua alichojengea reli, lakini hakuweza kumzuia Mwafrika kuipanda kwa shabaha zake mwenyewe. Waliipanda vijana waliokwenda kutafuta kazi Mombasa na Nairobi. Waliipanda wanafunzi waliokwenda shule za mbali na sanduku la bati. Na waliipanda wale waliorudi mlimani kila Krismasi, kama ilivyo desturi ya Wachagga mpaka leo, mabehewa yakijaa hadi mtu asipate pa kuweka mguu. Ndoa zilifungwa kwa njia ile. Kuna watoto waliozaliwa Taveta na Voi ambao babu zao wanalala Rombo na Upare. Mpaka uliochorwa Ulaya ulipita katikati yao, na treni ikaushona.

Mwaka 1948 Waingereza waliziunganisha reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziwe shirika moja. Tulipopata uhuru tulilirithi shirika hilo, na mwaka 1967 tukalitia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakati huo mtu wa Moshi hakuuliza kichwa cha treni ni cha Kenya au cha Tanzania. Kilikuwa chetu. Lakini kila msomaji wa makamo anajua yaliyofuata. Kulikuwa na manung'uniko ya fedha, ya nani anapata zaidi, ya makao makuu yako wapi, na ya siasa ambazo hazikupatana. Mwezi Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mwaka huo Jumuiya ikafa. Shirika likagawanywa. Tukaunda Shirika la Reli Tanzania, wenzetu wakaunda lao. Na pale Kahe, mkono wa mashariki ukakatika.

Zingatieni jambo hili, ndugu wasikilizaji. Njia ile haikukosa mzigo. Kahawa ilikuwapo, na abiria walikuwapo. Daraja halikuanguka wala mto haukulichukua tuta. Kilichokatika ni maelewano ya watu, na chuma kikafuata. Mpaka ulifunguliwa tena mwezi Novemba 1983, mali ya Jumuiya ikagawanywa kwa mkataba mwaka 1984, lakini njia ya Kahe na Taveta haikupata kurudia uhai wake wa zamani. Malori yalikwisha kuchukua nafasi yake. Mzee yule na wenzake waliambiwa wangoje, nao wakangoja mpaka wakastaafu.

Kisha hata mkono mwingine ukapooza. Njia ya Tanga, Moshi na Arusha ilichakaa mwaka hadi mwaka, treni za abiria zikakoma katika miaka ya 1990, na kuanzia mwaka 2007 hata mizigo ikaacha kupita. Vijana wa Moshi wakakua wakiiona stesheni kama jumba la makumbusho lisilo na tiketi. Pembeni mwa reli watu wakalima mboga, wakajenga vibanda, wakaanika nguo. Ukimwuliza mtu wa siku zile kama treni itarudi, angekucheka.

Lakini ilirudi. Mwezi Julai 2019 treni ya mizigo ilifika Moshi, mwezi Desemba mwaka huo ikaja ya abiria kutoka Dar es Salaam, na mwezi Oktoba 2020 ikafika Arusha. Siku zile watu wazima walitoka majumbani kwenda kutazama, na wazee wakafuta machozi kwa kanga na kwa kofia. Iliwezekana kwa sababu gani? Fedha ilihitajika, na utashi ulihitajika, hilo ni kweli. Lakini sababu ya kwanza kabisa ni kwamba njia ilikuwapo. Tuta lilikuwapo, madaraja yalikuwapo, ardhi ya reli ilikuwa bado ni ardhi ya reli, hata kama mchicha ulikuwa umepandwa juu yake.

Hapo ndipo ninapotaka tufikie leo. Njia ya Kahe kwenda mpakani imelala, na mtu aliyelala si maiti. Maiti huzikwa na mali yake hugawanywa. Aliyelala hutandikiwa. Ukimgawia mali yake usingizini, atakapoamka atakuuliza.

Wako watakaosema, ya nini kuhangaika, barabara ya lami si ipo? Ni kweli ipo, na pale Holili na Taveta kuna kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo msafiri husimama mara moja tu. Ni jambo jema, na linaonyesha kwamba uhusiano umerudi. Jumuiya mpya ilitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, wala hakuna anayetaka kurudi mwaka 1977. Lakini kwa sababu hiyo hiyo nauliza: ikiwa watu wamekwisha patana, kwa nini tuta ambalo ni ushahidi wa ugomvi wao liachwe liibwe kipande kwa kipande? Leo huenda halihitajiki kwa treni. Kesho yetu haijulikani.

Wenzetu wa mbali wamepitia hayo. Uingereza, katika miaka ya 1960, ilifunga maelfu ya maili za reli kwa kuwa hesabu zilisema hazilipi. Mahali pengine waliuza ardhi ya njia kiwanja kwa kiwanja, na walipojutia baadaye wakakuta nyumba na maduka yamesimama katikati, na njia haikuweza kurudi ila kwa gharama kubwa mno. Mahali pengine waliitunza njia nzima, wakaifanya iwe ya watembea kwa miguu na baiskeli. Watu wakapata pa kupumzikia, vijiji vikapata wageni, na ardhi ikabaki kipande kimoja ikingoja zamu yake. Sisi tuna mlima ambao dunia nzima inausafiria. Maelfu huja kila mwaka, wakapanda, wakashuka, wakaenda zao uwanja wa ndege, bila kujua kwamba chini ya mlima huo huo upo mwendo wa siku moja wenye vilima vya vita, chemchemi, nyika na milima miwili ya kutazama kushoto na kulia. Kijana wa Kahe angeweza kuwatembeza na kuwasimulia. Anachohitaji ni tuta libaki mahali pake, na yeye mwenyewe ajue lilifikaje pale.

Hilo la mwisho si dogo. Tulianza na kijana aliyedhani mji wake umeitwa kwa moshi wa treni. Si kosa lake. Sisi wakubwa tulinyamaza, na mtoto asiyesimuliwa hujitungia.

Nilipoagana na mzee yule wa Kahe jua lilikuwa limeanza kuinama na Mawenzi imegeuka rangi ya kahawa iliyokaangwa. Aliinuka, akawakusanya ng'ombe wake, nao wakapanda juu ya tuta kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, wakielekea nyumbani. Nikamwuliza kama bado anangoja. Akaitazama njia upande wa Taveta, kama mtu anayetazama kama ishara imeshuka.

"Kungoja si kazi," akasema. "Kazi ni kuitunza njia."

Nami sina la kuongeza. Hadi juma lijalo, kwaherini.